Kilebu analia usiku, anakojoa ndani, anauma: nianzie wapi?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili na sijawahi kufuga mbwa maishani mwangu. Siku nne zilizopita tuliletewa mtoto wa mbwa wa wiki tisa. Alichanjwa mara moja alikotoka. Usiku analia mpaka nyumba nzima inakesha, anakojoa kila kona, na anauma mikono ya watoto. Jana mdogo wao alichubuka kidoleni. Jirani ameniambia nimwache alie mpaka azoee, nimsugue pua kwenye mkojo wake ajifunze, na nisimtoe nje kabisa mpaka amalize chanjo. Naona nimejitwika mzigo nisiouweza. Nianzie wapi?"

Marahaba, mama. Tuanze na kidole cha mtoto, kwa sababu hicho hakingoji mengine. Kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama jana ulikiosha kidogo na hata kama leo mchubuko umeanza kukauka. Kisha mpeleke mtoto kituo cha afya ueleze mambo matatu: umri wa mbwa, alikotoka, na kama mama yake alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa. Sisemi kwamba kilebu wako ana ugonjwa huo. Uwezekano mkubwa hana. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na dalili zikishajitokeza mgonjwa karibu kila mara hufa. Ugonjwa wa namna hiyo haukadiriwi nyumbani. Aamue daktari wa binadamu aliyemwona mtoto.

Sasa tuje kwa kilebu mwenyewe. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ninachokiona humo ni mbwa mzima wa afya anayefanya kila kitu ambacho mbwa wa wiki tisa hufanya. Analia kwa sababu yuko peke yake. Anakojoa kwa sababu kibofu kimejaa. Anauma kwa sababu mdomo ndio mkono wake. Hakuna ukaidi hapo, na wala hujashindwa. Kilichokosekana ni ratiba, na ratiba inapangika. Katika ushauri wa jirani, mawili ni makosa na moja lina nusu ya ukweli. Hiyo nusu nitaizungumzia kwa kirefu, maana ndiyo inayoamua kama utaishi na mbwa mtulivu au mbwa mwoga kwa miaka kumi na zaidi ijayo.

Kwanza kilio. Mpaka wiki iliyopita mtoto huyu alikuwa analala kwenye rundo. Vilebu hulaliana, huyu juu ya yule, wakipeana joto, na kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake. Ghafla kawekwa jikoni, gizani, kwenye sakafu asiyoijua, na mlango umefungwa. Kwake hiyo ni hali ya mtoto aliyepotea, na mtoto aliyepotea huita. Ukimwacha aite mpaka anyamaze, atanyamaza kwa kuchoka, siyo kwa kutulia; ukweli ni kwamba utakuwa umemfundisha kuwa usiku ni kitu cha kuogopa.

Tafuta boksi gumu au kizimba kidogo ambamo anaweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kikiwa kikubwa mno atafanya kona moja choo na nyingine kitanda. Tandika kitambaa ndani, na kama bado unaweza kupata kitambaa kilicholaliwa na mama yake au ndugu zake, kilete bila kukifua. Weka boksi hilo kando ya kitanda chako, karibu kiasi kwamba ukiteremsha mkono anaunusa. Watu huniuliza kama hiyo si kumdekeza. Hapana. Baada ya wiki moja au mbili, akishalala usiku bila kushtuka, utaanza kulisogeza boksi hatua moja moja mpaka lifike unapotaka alale siku zote. Mbwa aliyeanza kwa kujiona salama ndiye anayekubali baadaye kuachwa peke yake. Ila kizimba kisitumike kamwe kumwadhibu, na mchana umpe baadhi ya milo humo humo mlango ukiwa wazi, apaone ni kwake.

Akilia usiku wa manane baada ya kulala vizuri kwa saa kadhaa, hicho ni kilio kingine: anataka kukojoa. Mbebe, mtoe, simama kimya, akimaliza mrudishe. Usimchezeshe, usiwashe taa zote, usianze mazungumzo. Ajue kwamba usiku kuna kwenda haja na kulala tu.

Mkojo ndio unaowakatisha watu tamaa kuliko mengine yote, nami nadhani ni kwa sababu wanatazama sakafu badala ya kumtazama mbwa. Kesho akiwa anacheza, kaa umtazame kwa dakika kumi bila simu mkononi. Utaona anacheza, anacheza, kisha anaacha kila kitu kama aliyekumbuka jambo. Pua inashuka chini. Anatembea upesi huku ananusa, anazunguka mara moja, mara mbili, makalio yanaanza kushuka. Kutoka pale pua iliposhuka mpaka mkojo kumwagika ni sekunde chache tu. Ukishaijua alama hiyo, umeshapata nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutokungoja alama: mtoe nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza mchezo, na kabla ya kulala. Katikati ya hapo, kwa umri wake, mtoe kila baada ya saa moja au hata chini ya hapo akiwa macho. Kuna kipimo tunachokitumia kukadiria kibofu: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kujizuia akiwa ametulia. Wako ana miezi miwili, kwa hiyo ni saa tatu hivi, na huo ni mwisho wa uwezo wake. Akikojoa saa ya nne hajakosea yeye, amekosea mwenye saa.

Mpeleke mahali pale pale kila mara, maana harufu ya jana humkumbusha la kufanya. Akimaliza, pale pale, kabla hajainua mguu kuondoka, msifu na umpe kipande kidogo cha chakula anachokipenda. Wengi hungoja warudi ndani ndipo wampe. Mbwa huunganisha zawadi na kile alichokuwa anafanya sekunde moja au mbili zilizopita, kwa hiyo ukimpa mlangoni umemlipa kwa kuingia ndani. Atajifunza kukimbilia ndani upesi, na kibofu atakuja kukimalizia sebuleni.

Kanuni hiyo hiyo ya sekunde ndiyo inayoharibu ushauri wa jirani. Ukimsugua pua kwenye mkojo wa robo saa iliyopita, hawezi kuuhusisha na tendo lake. Anachokiona ni wewe: mikono yako, sauti yako, hasira yako, na mkojo uko hapo. Basi anafikia uamuzi wa maana kabisa kwa akili ya mbwa, kwamba ni hatari kukojoa ukiwa karibu. Kuanzia hapo atajificha nyuma ya kiti, na ukimpeleka nje umeshika kamba yake atajizuia kwa sababu unamtazama. Nimewapokea mbwa wa namna hiyo, wana miezi minane na wenye nyumba wanaapa kwamba "anafanya makusudi". Kuwarudisha huchukua muda mrefu kuliko ambavyo ingechukua kuwafundisha tangu mwanzo. Ukimfuma katikati ya tendo, gonganisha viganja vyako mara moja kwa wepesi kumkatiza, mnyanyue, mtoe nje, amalizie huko, umsifu. Ukiukuta mkojo umeshamwagika, safisha tu. Tumia sabuni yenye vimeng'enya ukiipata, kwa sababu huvunja kile kinachobaki na harufu; epuka dawa za usafi zenye amonia, maana kwa pua yake zinafanana na mkojo na zitamwita arudi pale pale.

Kuuma. Kilebu wako ana meno 28 ya utotoni, membamba kama sindano, na kati ya miezi mitatu na saba yatang'oka na nafasi yake ichukuliwe na meno 42 ya utu uzima. Katika kipindi hicho fizi zinawasha, naye atatafuna mguu wa meza, kiatu na kidole bila ubaguzi. Pamoja na hayo, kuuma ni mchezo aliofundishwa na ndugu zake. Mmoja akiuma sana, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Hivyo ndivyo mbwa hujifunza kupima nguvu ya taya, na somo hilo lilikatizwa alipoletwa kwenu. Mnaliendeleza ninyi. Meno yakigusa ngozi, mchezo unakufa papo hapo: mikono inarudi kifuani, macho yanaangalia kando, ikibidi unasimama na kuondoka kwa nusu dakika. Kisha unarudi na kitu kinachofaa kutafunwa. Watoto wasipige kelele na kukimbia, kwa sababu kwa kilebu kitu kinachokimbia huku kikipiga kelele ndiyo raha yenyewe. Wafundishe kusimama kama mti.

Kuna jambo moja ambalo wazazi huwa wanalielewa upesi likishatajwa. Kilebu wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku. Nyumba yenye watoto wawili wenye furaha ya mbwa mpya haimpi hata 12. Ikifika jioni unaona anakimbia ovyo, macho yamemtoka, anauma kila kinachopita, na unadhani ana nguvu nyingi zinazohitaji mchezo zaidi. Amechoka. Ni kama mtoto mchanga anayelia kwa usingizi huku akikataa kulala. Mweke kwenye boksi lake, pafanye pawe kimya, na mara nyingi katika dakika chache amezimika. Hebu weka sheria hii nyumbani kuanzia leo: mbwa aliyelala haguswi, habebwi, haitwi. Pia mtoto mdogo na kilebu wasiachwe wawili bila mtu mzima, hata kwa dakika ya kwenda kufungua mlango.

Sasa ile nusu ya ukweli. Jirani anaogopa kumtoa nje kwa sababu ya magonjwa, na hofu hiyo ina msingi. Virusi vya parvo vilijulikana kwa mbwa mwaka 1978, na katika muda wa miaka miwili hivi vilikuwa vimezunguka dunia. Hushambulia chembe zinazogawanyika kwa kasi, yaani ngozi ya ndani ya utumbo na uboho wa mifupa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anaharisha damu wakati huo huo askari wake wa mwili wanatoweka. Virusi hivi hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na huingia nyumbani kwa soli ya kiatu. Sabuni ya kawaida haiviui. Dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ikikaa juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa kwa dakika kumi, ndiyo inayoviua.

Chanjo moja aliyopata haitoshi. Wengi hudhani tunarudia chanjo ili kuongeza nguvu ya ile ya kwanza, lakini sababu kubwa ni nyingine. Siku alipozaliwa alinyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, na humo alipokea kingamwili za mama. Hizo zilimlinda wiki za mwanzo, lakini pia huizuia chanjo: huikamata na kuifuta kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Kingamwili hizo hupungua kidogo kidogo, kwa mmoja zinaisha wiki ya saba, kwa ndugu yake wa tumbo moja wiki ya 14. Tukimtazama kwa macho hatuwezi kujua ya nani imeisha lini. Tena kuna siku katikati ambapo zimepungua kiasi cha kutomlinda tena, lakini bado zinatosha kuizuia chanjo. Ndiyo maana tunarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, ili chanjo mojawapo iukute mlango umefunguka. Ukiishia kwenye chanjo ya wiki ya 12 kwa sababu "ameshachanjwa mara mbili", huenda mbwa wako hana kinga yoyote na wewe hujui. Kichaa cha mbwa kwa kawaida huchanjwa akiwa na wiki 12 au zaidi. Muulize daktari wako wa mifugo sheria ya mahali unapoishi inasemaje.

Basi kwa nini nisikwambie umfungie ndani mpaka wiki ya 16? Kwa sababu kuna mlango mwingine unaofunga wakati huo huo. Kati ya wiki ya tatu na takribani ya 12 hadi 14, ubongo wa mbwa unaamua ni vitu gani duniani ni vya kawaida. Mwaka 1961, huko Bar Harbor nchini Marekani, watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha matokeo ya vilebu waliolelewa kwenye uwanja wenye uzio mrefu bila kushikwa na watu. Waliotolewa na kuzoeshwa binadamu kati ya wiki ya tano na ya tisa waliwazoea vizuri. Wale ambao hawakuwahi kuguswa mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na hata baada ya juhudi hawakuwazoea watu sawasawa. Wako ana wiki tisa. Umebaki na wiki tatu hadi tano kumwonyesha ulimwengu.

Chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani kinachoshughulikia tabia kimeshasema wazi kwamba kwa mbwa walio chini ya miaka mitatu, matatizo ya tabia yanaua kuliko magonjwa ya kuambukiza, kwa sababu mbwa mwoga huuma, na mbwa anayeuma huondolewa. Chama hicho hicho kinapendekeza kilebu aanze kuzoeshwa watu na wenzake kuanzia siku saba baada ya chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo, mahali pasafi. Kwa hiyo mtoe, ila mtoe kwa akili. Mbebe. Mikono yako ni sakafu ambayo haina parvo. Simama naye kando ya barabara aone magari, pikipiki, mtu mwenye mwavuli, mzee mwenye mkongojo, mtoto anayelia, mtu mwenye kofia. Mpeleke kwenye nyumba ya rafiki ambaye mbwa wake mzima amechanjwa kikamilifu na ni mpole. Mkanyagishe vigae, nyasi za uani kwako, zege, bati. Usimweke chini mahali panapopita mbwa wasiojulikana, na wala asinuse kinyesi cha mbwa mwingine.

Na usimsukumie kitu. Hapa ndipo watu wenye nia njema hukosea. Akikitazama kitu masikio yakiwa nyuma na mkia umeingia katikati ya miguu, usimsogeze karibu "azoee". Rudi nyuma mpaka pale anapoweza kukitazama na bado anakubali kipande cha chakula kutoka mkononi mwako. Akikataa chakula anachokipenda, mpo karibu mno. Umbali huo ndio darasa lake la leo. Dakika tano zilizoisha vizuri zina faida kuliko saa nzima iliyoishia kwenye kutetemeka. Nyumbani, kila siku mshike masikio, mfungue mdomo, mguse kucha na vidole, kisha kitonge. Daktari atakayemtibu akiwa na uzito wa mtu atakushukuru.

Chakula hakina mambo mengi. Wiki hii ya kwanza mpe kile kile alichokuwa anakula alikotoka, kwa sababu kubadilisha ghafla kunamharisha, na kuhara kwa mbwa mdogo kunaleta hofu isiyo ya lazima. Ukitaka kubadilisha, changanya kipya kidogo kidogo kwa siku saba. Milo mitatu hadi minne kwa siku mpaka afikishe miezi minne hivi, kisha mitatu mpaka miezi sita, kisha miwili. Ukigawa, kwa mfano, saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni, na saa moja usiku, utaweza pia kukisia atajisaidia lini. Chakula kiwe cha mbwa wanaokua, na kama ni wa aina kubwa tafuta kilichoandikwa hivyo. Usimwongezee vidonge vya kalsiamu juu ya chakula kamili. Kwa mbwa wa aina kubwa kalsiamu ikizidi huharibu mifupa inayokua. Maziwa ya ng'ombe humharisha wengi wao. Maji safi yawepo muda wote.

Vinavyomdhuru: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu, mifupa iliyopikwa inayochanika vipande vikali, pombe, na sukari mbadala iitwayo zailitoli iliyomo kwenye baadhi ya pipi na bazoka zisizo na sukari. Dawa za binadamu za maumivu, zikiwemo paracetamol na ibuprofen, usimpe hata robo kidonge.

Minyoo anayo. Nasema hivyo bila kumwona, kwa sababu minyoo ya mviringo hupita kwenye kondo la nyuma na kwenye maziwa ya mama, hivyo vilebu wengi huzaliwa nayo au huipata wakinyonya. Kwa kawaida dawa huanza wiki ya pili, hurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Uliza alikotoka alipewa lini, mueleze daktari, na kipimo kifuate uzito wake wa siku hiyo. Kwa sababu ya watoto wako, okota kinyesi kila siku: mayai ya minyoo hii huhitaji wiki mbili au zaidi ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo kinyesi kilichookotwa leo hakijawa hatari. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye na kabla ya kula. Kuhusu kupe na viroboto, soma kwenye pakiti umri na uzito unaoruhusiwa, na usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nimepokea vilebu wakitetemeka na kutokwa mate kwa sababu hiyo, wenye nyumba wakiwa wametaka tu kumsaidia.

Nikufundishe kitu kimoja cha kliniki. Akiwa ametulia na mwenye afya, inua mdomo wake wa juu utazame ufizi. Uwe wa waridi na unyevunyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka paweke weupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fanya hivyo mara chache wiki hii ili uijue rangi yake ya kawaida, maana wengine wana fizi zenye madoa meusi. Nakumbuka kilebu wa miezi mitatu aliyeletwa kwangu kwenye boksi la kadibodi, amelala ubavu. Mwenyewe alisema ametapika tangu juzi, wakadhani ni chakula. Niliinua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi, na nilipobonyeza hapakuwa na rangi ya kurudi. Hatukumwahi. Angeletwa siku ya kwanza, kwa maji ya mshipani na uangalizi, wengi wa namna yake hupona.

Kwa hiyo ukiona ufizi umepauka, kutapika kunakojirudia, kuhara damu, tumbo lililovimba na kuwa gumu, kifafa, au kilebu aliyekuwa anaruka leo hataki kuinuka wala kula, usingoje kupambazuke wala usiulize jirani. Nenda. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo akionekana wa moto kwako usishtuke kwa hilo peke yake. Na akiwa wa aina ndogo sana, kukosa milo miwili tu kunaweza kushusha sukari mwilini akalegea na kuyumba. Mpake asali kidogo kwenye fizi ukiwa njiani kwenda kwa daktari.

Wiki hii mpigie simu daktari wa mifugo aliye karibu nawe upange tarehe ya chanjo ya pili, wiki mbili hadi nne baada ya ile ya kwanza, na uende na kadi aliyokuja nayo. Kama hakupewa kadi, mhesabu kama ambaye hajachanjwa. Mpime uzito kila wiki siku ile ile: jipime ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa. Andika.

Na leo usiku, kabla ya kulala, mtoe akojoe, msogeze kando ya kitanda chako, na uweke kengele ya simu saa nane usiku. Amka kabla yake. Mbebe nje kimya, akimaliza mnong'oneze kwamba amefanya vizuri, mrudishe, na uache mkono wako uning'inie mpaka umsikie anashusha pumzi ndefu.